Philip Hench, munganga wa kortizoni

Watu mingi wanajua dawa za jamii hii kwa majina ya farmasi: predinizoloni, deksa. Lakini mutu aliyefungua njia yake, wachache tu njo wanamujua. Leo tunaeleza maisha yake, juu iko na somo kwetu sisi wote.

Philip Showalter Hench alizaliwa Pittsburgh, Marekani, tarehe 28 mwezi wa pili 1896. Alizaliwa na kaakaa lililopasuka, na kusema kulimupa taabu maisha yake yote. Alimaliza masomo ya uganga mwaka wa 1920, kisha akaenda kutumika Mayo, kule Rochester katika jimbo la Minnesota. Pale akapewa wagonjwa wa rumatisme, ile kali yenye kuvimbisha viungo na kukunja vidole, mpaka kijana anatembea sawa muzee.

Mwaka wa 1929 mugonjwa wake mumoja alishikwa na ugonjwa wa macho ya manjano, na maumivu ya viungo yakapunguka. Hench hakuacha jambo lile lipite. Aliendelea kuangalia, akaona tena kwamba wanamuke wenye rumatisme wanapata nafuu wakati wako na mimba. Akafikiri: basi mwili wenyewe unajua kutengeneza kitu chenye kutuliza ugonjwa. Alikitafuta karibu miaka makumi mbili.

Kwenye hospitali ileile kulikuwa mwanakemia Edward Kendall, mwenye kuchunguza tezi ndogo zinazokaa juu ya figo. Mwaka wa 1941 wote wawili walipatana kwamba moja ya vitu alivyotoa mule ijaribiwe. Lakini vita vilikuwa vimefika, na dawa yenyewe ilikuwa haba sana. Kuitengeneza kwa nyongo ya ng'ombe ilikuwa kazi ndefu.

Tarehe 21 mwezi wa tisa 1948, mwanamuke wa miaka 29, aliyekuwa hawezi tena kujisaidia, alipigwa sindano ya kwanza. Kisha siku chache alianza kutembea. Kisha juma moja alitoka kwenda kununua vitu mujini! Mwaka wa 1949 Hench na wenzake walionyesha wagonjwa 14, na mwaka wa 1950 yeye, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi wakapewa zawadi ya Nobel.

Hapa njo tunamuheshimu zaidi. Wakati magazeti yalitangaza muujiza, yeye alionya kwamba dawa hii haiponyeshi, inatuliza tu. Alikuwa ameona wagonjwa wanaacha sindano na maumivu yanarudia. Kisha aliona mengine: uso unavimba na kuwa muviringo, mifupa inalegea, tumbo linapata vidonda, akili inavurugika, magonjwa ya kuambukiza yanaingia rahisi. Mwaka wa 1954 waganga wa Uingereza walitangaza matokeo ya kulinganisha kortizoni na aspirini kwa wagonjwa 61 wa rumatisme ya mwanzo. Kisha mwaka mumoja, tofauti ilikuwa kidogo sana. Tangu pale waganga walijifunza kutoa kipimo kidogo, kwa muda mufupi kama inawezekana.

Hench alikufa Jamaica tarehe 30 mwezi wa tatu 1965.

Huku kwetu kuna wenye kununua deksa bila karatasi ya munganga, wengine juu ya maumivu, wengine ili wanenepe tu. Ule unene si afya: ni yale mabaya Hench aliyaona kwa wagonjwa wake. Na mwenye kuimeza muda murefu asiikate kwa rafla, sababu mwili umekwisha kusahau kutengeneza yake. Aende kwa munganga amupunguzie polepole. Dawa hii imesaidia watu mingi sana, na ingali inasaidia. Lakini yule aliyeileta aliiogopa, na sisi pia tuiogope.