Fannie Lou Hamer: ujira wa pamba na afya ya mwanamke mweusi

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hii inabeba ahadi, kwamba jasho la leo ndilo shibe ya kesho. Hata hivyo, wapo watu waliochuma juani maisha yao yote na kivuli wasikione, kwa kuwa aliyegawa mavuno hakuwa yule aliyeyachuma. Mmoja wao ni Fannie Lou Hamer, Mmarekani mweusi wa jimbo la Mississippi. Wengi wanamkumbuka kama mpiganiaji wa haki ya kupiga kura. Katika makala haya nakusudia kumtazama kwa upande ambao hautajwi sana, yaani upande wa kibarua aliyelipwa kidogo na wa mwili uliogharimia upungufu huo.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1917, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 20. Wazazi wake, Bwana na Bibi Townsend, walikuwa wakulima wasio na ardhi, waliolima pamba katika shamba la Mzungu kwa masharti ya kugawana mazao. Kwa maneno mgawo ulikuwa nusu kwa nusu. Kwa vitendo, mwenye shamba ndiye aliyekopesha mbegu, mbolea na chakula, ndiye aliyeandika daftari, na mwisho wa mwaka ndiye aliyekokotoa hesabu. Familia hiyo iliweza kuvuna marobota zaidi ya 50 kwa mwaka, na bado ikamaliza msimu ikiwa na deni.

Fannie Lou alianza kuchuma pamba akiwa na umri wa miaka sita. Mwenye shamba alimvuta kwa ahadi ya vitamu vya dukani, na mtoto alipokwisha kuvipokea akawa tayari ameingia katika mzunguko wa deni. Alipofika miaka 13 aliweza kuchuma ratili 200 na zaidi kwa siku, ilhali mguu wake mmoja ulikuwa umeathiriwa na polio. Shule ilikuwa ya miezi michache ya baridi tu, wakati mashamba hayakuhitaji mikono, naye akaiacha baada ya darasa la sita. Wakati wa baridi mama yake aliwaongoza watoto kuokota masalio ya pamba mashambani, miguu yao ikiwa imefungwa matambara kwa kukosa viatu. Mama huyo aliumia jicho akiwa kazini. Kwa kuwa hapakuwa na fedha za daktari, jeraha dogo likaishia kuwa upofu.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kutenganisha mambo mawili ambayo katika maisha ya maskini hayatengani. Ujira tunawaachia wachumi, nayo afya tunawaachia madaktari. Katika nyumba ya akina Townsend, tofauti kati ya jicho linaloona na jicho lisiloona ilikuwa ada ya daktari, na ada hiyo ilikuwa imebaki katika daftari la mwenye shamba.

Katika miaka ya 1940 aliolewa na Perry Hamer, dereva wa trekta, wakaishi na kufanya kazi kwa miaka 18 katika shamba lililo karibu na mji wa Ruleville, wilaya ya Sunflower. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, Fannie Lou alipewa kazi ya kuandika saa za wafanyakazi na uzito wa pamba. Hapo ndipo alipoona kwa macho yake jinsi mizani ilivyochezewa. Akajitafutia jiwe la mizani lililo sahihi, na kila msimamizi alipogeuka, alilibadili ili mchumaji apate uzito wake halali. Mgala muue na haki yake mpe, husema Waswahili. Yeye aliitoa haki hiyo kwa siri, ratili kwa ratili.

Mwaka 1961 alilazwa hospitalini ili aondolewe uvimbe mdogo. Daktari akamtoa mji wa mimba bila kumwambia wala kumwomba idhini. Habari zilimfikia baadaye kupitia uvumi uliotoka nyumbani kwa mwenye shamba. Jambo hili lilikuwa limewapata wanawake weusi wengi wa Kusini hata likapata jina la mtaani: upasuaji wa kidole tumbo wa Mississippi. Mtu wa taaluma yangu hawezi kulipita jina kama hilo. Jamii haiundi jina kwa tukio la mara moja. Huunda jina kwa lile linalorudiwa. Hamer hakuweza kushtaki. Kibarua mweusi aliyeishi katika nyumba ya mwajiri hakuwa na wakili, wala akiba, wala mahali pengine pa kulala.

Mwezi Agosti 1962 alikwenda na wenzake 17 mjini Indianola kujiandikisha kupiga kura. Usiku huohuo alifukuzwa shambani. Mwezi Juni 1963, akirudi kutoka mafunzo ya uraia, alikamatwa mjini Winona, na polisi wakawaamuru wafungwa wawili weusi wampige kwa virungu. Alitoka humo na madhara ya figo, jicho na mguu ambayo hayakumwacha tena. Mwezi Agosti 1964 alisimulia hayo mbele ya kamati ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Atlantic City, na taifa zima likamsikia kwenye televisheni.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya ziada ya kumkumbuka. Tarehe 20 Desemba 1964 alihutubia mkutano kanisani huko Harlem, New York, pamoja na Malcolm X. Waimbaji wa vuguvugu hilo waliimba wimbo uliomtaja Jaramogi Oginga Odinga, naye Malcolm X akawataja Mau Mau kama mfano wa kuigwa. Katika ukumbi mmoja, habari za vibarua wa pamba zilikutana na habari za watu walionyang'anywa ardhi yao Kenya.

Mwaka 1965 vibarua wa eneo hilo waliunda chama chao cha wafanyakazi wakagoma. Walikuwa wakilipwa dola tatu kwa siku ya saa kumi, yaani senti 30 kwa saa. Walidai dola moja na senti 25, ambacho ndicho kilikuwa kima cha chini katika kazi nyingine nchini. Hamer aliwaunga mkono. Yafaa kukumbuka kwamba sheria ya mwaka 1938 iliyoweka kima hicho iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa nyumbani, kazi mbili ambazo wanawake weusi wa Kusini walizitegemea zaidi. Wa mashambani waliingizwa kwa sehemu mwaka 1966, na wa nyumbani mwaka 1974. Mgomo huo haukufaulu. Wenye mashamba walikuwa tayari na mashine na dawa za kuua magugu, na maelfu wakabaki bila hata zile senti 30.

Njaa iliyofuata ilibisha hodi nyumbani kwake. Mwaka 1967 binti yake wa kulea, Dorothy Jean, mwenye umri wa miaka 22, alifariki akikimbizwa hospitali ya Memphis, zaidi ya kilomita 150, baada ya kukosa matibabu karibu na kwao. Mwili wake ulikuwa umedhoofishwa na utapiamlo. Aliacha mabinti wawili wadogo, ambao Hamer aliwachukua kuwalea. Mwaka huohuo kituo cha afya kilichofunguliwa Mound Bayou kilianza kuwaandikia wagonjwa chakula kama dawa, kwa kuwa madaktari waliona kwamba ugonjwa waliokuwa wakiutibu ulikuwa ni sufuria tupu.

Mwaka 1969 Hamer alianzisha shamba la ushirika, kwanza ekari 40, baadaye mamia. Walipanda mboga na kufuga nguruwe. Familia ilikopeshwa jike, na baadaye ikarudisha watoto ili familia nyingine ipate. Ada ilikuwa dola moja kwa mwezi, na zipo familia nyingi zilizoshindwa kuilipa. Mafuriko, ukame na madeni yaliuangusha ushirika huo katikati ya miaka ya 1970.

Fannie Lou Hamer alifariki Mound Bayou tarehe 14 Machi 1977, akiwa na miaka 59, kwa saratani ya titi na shinikizo la damu. Saratani humpata tajiri na maskini, na singependa kudai kwamba ujira mdogo ndio uliompa. Lakini mwili ulioikabili ulikuwa umekwisha kulipia utoto usio na viatu, kisu kisichoombwa na virungu vya Winona. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilimtunukia Nishani ya Rais ya Uhuru, miaka karibu 48 baada ya kuzikwa.

Nishani ni heshima njema, ila haikamilishi hesabu. Katika mwaka 2023, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Marekani, wanawake weusi 50.3 walifariki kwa sababu za uzazi, dhidi ya weupe 14.5. Vibarua wa mashamba bado hawalindwi na sheria ya taifa kuhusu malipo ya saa za ziada. Anayekaa mezani kupanga ujira wa mwanamke anapanga pia atakula nini, atamwona daktari lini, na ataishi miaka mingapi. Hamer aliling'amua hilo akiwa na jiwe la mizani mkononi, naye hakungoja kupewa ruhusa ya kulibadili.