MOISSAN, MTU ALIYEISHINDA FLORINI

Wengi wenu mmeniona nikicheka huku nimefunika mdomo. Meno yangu ni ya kahawia kwa sababu nilikulia Bonde la Ufa, ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi, yaani florini iliyoungana na madini. Tulipofundishwa halojeni mwaka huu, nikataka kujua ni nani aliyeikamata florini yenyewe. Basi nisikilizeni.

Henri Moissan alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 28 Septemba 1852. Mamake alikuwa mshonaji na babake mfanyakazi wa reli. Mwaka 1870 aliacha shule bila cheti cha kumwingiza chuo kikuu, akaenda kufanya kazi katika duka la dawa. Hakukata tamaa. Alisoma pole pole hadi akawa mwanakemia.

Wakati huo klorini, bromini na iodini zilikwisha julikana, lakini florini ilikuwa imewashinda wote. Florini si mchezo! Ndiyo kali kuliko halojeni zote. Huungana na karibu kila kitu inachogusa. Louyet wa Ubelgiji na Nicklès wa Ufaransa walikufa kwa sumu wakiitafuta.

Moissan alichukua chombo cha platinamu, akatia haidrojeni floridi pamoja na chumvi ya potasiamu, akakipoza hadi nyuzi 50 chini ya sufuri, kisha akapitisha umeme. Tarehe 26 Juni 1886 gesi ikatoka. Ilipogusa silikoni, silikoni ikawaka moto papo hapo.

Akademia ya Sayansi ikatuma wataalamu waje wajionee, mmoja wao akiwa Frémy, mwalimu wake. Lo! Siku hiyo gesi haikutoka. Hebu fikiria aibu aliyoipata! Kumbe safari hii haidrojeni floridi yake ilikuwa safi mno, na bila ile chumvi umeme haupiti. Akaongeza chumvi, akarudia, akafaulu.

Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Alifariki tarehe 20 Februari 1907, akiwa na miaka 54 tu.

Siku hizi floridi kidogo hutiwa katika dawa ya meno ili kuyaimarisha. Ikizidi, ndiyo haya yangu. Lakini Moissan aliaibika mbele ya wakubwa na bado akarudi kazini. Nami nimeamua: kuanzia muhula huu nitacheka bila kufunika mdomo. Nawe uliyefeli jaribio la kemia, rudi maabara. Mvumilivu hula mbivu.