Bwana Msa Ana Somo kwa Gusii

Wako walimu wa fasihi, tena si haba, wanaoamini kwamba riwaya ya upelelezi ni kitabu cha kupotezea wakati. Kwao, mwanafunzi anayesoma hadithi ya maiti, nyayo na ufunguo uliopotea anajiburudisha tu, na akimaliza sharti arejeshwe kwenye vitabu vyenye uzito. Mimi ninayefundisha huku Gesima, katika vilima vya chai na migomba vya Nyamira, sikubaliani nao. Ninaona kwamba yuko mwandishi mmoja wa riwaya hizo ambaye angesomwa kwa makini katika madarasa yetu, huenda baadhi ya makaburi ya Gusii yasingechimbwa. Mwandishi huyo ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na leo ningependa kuwasimulia walimu wenzangu na wanafunzi wao habari za maisha yake.

Alizaliwa mwaka wa 1918 huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Makunduchi ni mahali panapojulikana mpaka leo kwa sherehe za Mwaka Kogwa, ambapo watu hupigana kwa magogo ya migomba na kibanda huteketezwa kwa moto ili mwaka mpya uanze bila ya kinyongo. Ni pahali penye mila nzito na mizimu inayoheshimiwa. Mtoto aliyezaliwa hapo hakuhitaji kufundishwa na kitabu kwamba watu wana imani na mambo yasiyoonekana. Alizisikia habari hizo tangu yuko mikononi mwa mama. Alilelewa katika Uislamu, lakini masomo yake aliyapata katika shule ya wamisheni, akahitimu mwaka wa 1938. Kwa hiyo tangu ujana wake alikuwa amesimama palipokutana njia tatu: mila za wazee, dini ya nyumbani, na elimu ya kizungu. Mtu wa namna hiyo ama huchanganyikiwa, ama hujifunza kuuliza maswali.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi katika idara ya afya ya serikali, na aliifanya kwa muda wa miaka kumi hivi. Walio wengi hutaja jambo hili kwa haraka wakapita. Mimi ninaona kwamba hapa ndipo mpelelezi alipozaliwa. Bwana afya huingia katika nyumba za watu, hutazama kisima, hukagua mtaro na choo, huuliza ni nani aliyeugua kwanza na alikula nini. Kijiji kizima kinapolia kwamba kuna jicho baya, yeye hutakiwa kutafuta maji machafu. Akili yake hufunzwa kuamini kwamba kila maradhi yana chanzo, na kwamba chanzo hicho kinaweza kuonekana iwapo mtu atainama na kutazama. Ukibadilisha maradhi ukaweka mauaji, umekwisha kumpata mpelelezi.

Mwaka wa 1948 aliiacha kazi hiyo akaingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika mwongo uliofuata alikuwa mhariri msaidizi wa magazeti mengine kadhaa, yakiwamo Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Wanafunzi wa historia watatambua uzito wa majina hayo. Al Falaq lilikuwa sauti ya jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisemea Waafrika, katika miaka ambayo siasa za Visiwani zilikuwa zikichemka kama chungu kilichosahauliwa motoni. Mtu aliyepita katika vyumba vya habari vya pande zote mbili bila shaka alijionea jinsi tukio moja linavyoweza kusimuliwa kwa namna mbili zinazopingana, na kila msimulizi akaapa kwamba yake ndiyo kweli. Mnamo 1958 alichaguliwa kuwa mhariri wa Mkulima, jarida la mambo ya kilimo, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka wa 1968. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta katika kiti hicho na yakamwacha papo hapo.

Katika miaka ya 1957 na 1958, Shirika la Maandishi la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake makuu jijini Nairobi, liliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alipeleka hadithi yake, nayo ikatwaa tuzo ya kwanza. Mwaka wa 1960 ilichapishwa kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Wataalamu wengi wanaihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa riwaya ya upelelezi katika lugha yetu.

Yafaa tukumbuke kwamba fani hiyo haikuzaliwa kwetu. Ilizaliwa mwaka wa 1841, pale Mmarekani Edgar Allan Poe alipomtunga Dupin, bwana wa Paris anayefumbua mauaji kwa kufikiri tu. Mwaka wa 1887 Arthur Conan Doyle akamtoa Sherlock Holmes, akamweka London. Si ajabu kwamba wapelelezi hao wawili walikaa katika miji mikubwa. Katika jiji watu hawajuani. Jirani yako anaweza kuwa mwuaji nawe ukamwamkia kila asubuhi. Polisi wanapokwama, hutokea raia mmoja asiye na cheo wala mshahara wa serikali, mwenye macho na subira, akaona kile ambacho wote wamekikanyaga.

Mwandishi wetu aliichukua mbegu hiyo akaipanda katika udongo wa Unguja, ikaota mti mwingine. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, na mwenye kutazama vizuri ataona kwamba jina hilo limetokana na herufi za mwanzo za majina ya mwandishi mwenyewe. Bwana Msa, kama Holmes, haachi kiko chake. Anaye rafiki, Najum, ambaye huona yote anayoyaona Bwana Msa lakini hufikia hukumu isiyo sahihi, na kwa kufanya hivyo hutusaidia sisi wasomaji tusijione wajinga peke yetu. Yuko pia Inspekta Seif, mtu wa serikali, mwenye mamlaka ya kukamata. Lakini mtu anayemsaka Bwana Msa hajapotea katika umati wa jiji lisilojuana. Anaishi katika jamii ambamo kila mtu anamjua mwenziwe, au anadhani anamjua. Siri haikai barabarani. Imo ndani ya ukoo: nani baba wa nani, nani mrithi wa shamba, nani aliolewa wapi na kwa jina gani. Ndiyo maana kazi kubwa ya Bwana Msa ni kuketi, kuvuta kiko, kusikiliza watu wakizungumza, na kupima maneno yao.

Tukirudi kwenye riwaya ile ya kwanza, hapo ndipo penye kiini cha mambo. Maiti inaonekana mahali pa mzimu. Watu wa pale hawana haja ya mpelelezi, kwa maana jibu wanalo tayari: mzimu umeua. Jibu hilo lina sifa moja ya kutisha, nayo ni kwamba linafunga mdomo wa kila swali. Mzimu hauulizwi ulikuwa wapi usiku ule, wala haupelekwi mahakamani. Na mwuaji wa kweli, mwenye mikono na miguu, hulala usingizi mnono chini ya kivuli cha imani ya wenziwe. Bwana Msa hafiki pale kuwakejeli watu wala kuzitukana mila zao. Anafika kuuliza. Nani aliyemwona marehemu mara ya mwisho? Nani anafaidika na kifo chake? Mwishowe inabainika kwamba mkono uliotenda ulikuwa wa binadamu.

Riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, iliyotoka mwaka wa 1968, yaani mwaka ule ule aliostaafu, ilibeba jina jingine la kuogofya. Katika masimulizi ya Visiwani, Giningi ni makao ya wachawi. Mwandishi alijua alichokuwa akikifanya. Alilichukua neno lililowatia watu hofu, akaliandika juu ya jalada la kitabu, kisha akamwalika msomaji aingie ndani na taa.

Sasa nataka niwaulize walimu wenzangu wa Gusii: mambo haya ni ya Unguja peke yake? Sisi tuna neno letu, omorogi, na hakuna mtoto wa hapa asiyelijua. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, wilaya zetu zilikumbwa na wimbi la kuwachoma moto watu walioshukiwa kuwa wachawi. Mwezi wa Mei 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, waliteketezwa katika vijiji vya Kisii, na nyumba zao zikachomwa pamoja nao. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na umati kwa tuhuma hiyo hiyo, baada ya kusingiziwa kwamba walimroga kijana. Sheria ya nchi tunayo tangu 1925, na inasema wazi kwamba ni kosa kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa mtu ameyapeleka madai yake mbele ya polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Lakini sheria haiwezi kufika kabla ya kiberiti.

Tutazame kwa makini mwendo wa mikasa hiyo, maana inafanana na ukurasa wa kwanza wa riwaya zile. Mtu anaugua au anafariki. Jamii inataka jibu usiku huo huo. Jibu liko tayari, na limeelekezwa kwa mtu asiyeweza kujitetea: mjane, mkongwe, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini. Hapatokei mtu wa kuuliza kama marehemu alikuwa na malaria, wala nani anayelitamani shamba la bibi yule. Katika kitabu, wakati huu ndipo Bwana Msa anapobisha hodi. Katika vijiji vyetu, hodi haikubishwa. Walikuwako vijana wengi waliosoma, waliopita katika mikono yetu sisi walimu, na wengine wao walikuwa ndani ya umati. Hilo ndilo linaloniuma.

Baada ya kustaafu, Muhammed Said Abdulla alizidi kuandika. Zilifuata Duniani Kuna Watu mwaka wa 1973, Siri ya Sifuri mwaka wa 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka wa 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka wa 1976. Ya mwisho, Kosa la Bwana Msa, ilitoka mwaka wa 1984. Nyingi kati ya hizo zilichapishwa hapa Kenya, nasi hatuna kisingizio cha kusema kwamba zilikuwa mbali.

Sisemi kwamba vitabu hivyo havina dosari. Sadfa ni nyingi mno. Ndugu waliopotezana hukutana pale mwandishi anapowahitaji, na mara nyingine fundo hufunguka kwa bahati kuliko kwa ushahidi. Mazungumzo nayo hurefuka hata msomaji akatamani Bwana Msa azime kiko chake na kusema jina la mkosaji. Katika miaka ya 1970 walitokea mashujaa wengine, kama Willy Gamba wa Elvis Musiba, jasusi wa serikali mwenye bastola na mwendo wa kasi, na vijana wengi wakavutiwa na hao zaidi. Sikatai kwamba wanasisimua. Lakini Willy Gamba ametumwa, amelipwa, na amepewa silaha. Mwanafunzi wa Gesima hawezi kuwa Willy Gamba. Anaweza kuwa Bwana Msa kesho asubuhi, kwa sababu Bwana Msa ana silaha moja tu, nayo ni ukaidi wa kutokubali jibu kabla ya kuuona ushahidi.

Mwandishi huyu aliaga dunia mwaka wa 1991. Wakati huo huku kwetu wimbi lile la moto lilikuwa karibu kuanza. Hakuandika kwa ajili yetu, na huenda hakuwahi kuisikia Gesima. Hata hivyo kazi aliyoiacha inatuhusu kuliko vitabu vingi tunavyovipigia debe.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Kiswahili: msomapo riwaya hizi na wanafunzi, simameni katikati ya kitabu, kabla siri haijafichuliwa. Mwulizeni kila mwanafunzi amtaje anayemshuku, kisha mtake aeleze kwa nini. Asiyekuwa na sababu aketi, atafute. Anayesema ni kwa vile watu wote wanasema hivyo, huyo ahesabiwe kuwa hajajibu. Wafanye hivyo mara ishirini darasani, juu ya maiti za kitabuni, ili siku watakapokuta umati nje ya mlango wa bibi kizee, angalau mmoja wao athubutu kusimama mbele na kuuliza: ushahidi uko wapi?