Si kila badiliko la tabia ni mawazo

Huenda umewahi kuusikia wimbo wa ‘Summertime’. Mtunzi wa muziki wake, Mmarekani George Gershwin, alizaliwa New York mwaka 1898 na kupata umaarufu akiwa bado kijana.

Mapema mwaka 1937, akipiga piano jukwaani Los Angeles, akili yake ilipotea kwa muda mfupi, akasikia harufu ya mpira unaoungua. Baadaye yakaja maumivu makali ya kichwa na kizunguzungu, na tabia yake ikabadilika. Juni alilazwa. Alikataa kutolewa maji ya uti wa mgongo kwa ajili ya kipimo, akaruhusiwa kurudi nyumbani ikidhaniwa ni tatizo la akili.

Julai 9 alizimia. Alipopasuliwa, alikutwa na uvimbe kwenye ubongo. Alifariki Julai 11, akiwa na miaka 38.

Mzazi, tabia ya mwanao ikibadilika ghafla pamoja na kuumwa kichwa, kutapika, degedege au kusikia harufu isiyokuwepo, usikimbilie kusema ni mawazo. Mweleze daktari dalili zote. Akishauri kipimo, uliza kinatafuta nini kabla ya kukikataa.