Adrian Atiman wa Karema (takriban 1866–1956): Tabibu, Katekista na Suala la Nani Aitwe Mmisionari

Ikisiri

Makala haya yanaeleza maisha ya Adrian Atiman, mtoto wa kando ya mto Niger aliyetekwa utumwani, akasomeshwa utabibu Malta, kisha akahudumu Karema, katika mkoa ambao leo unaitwa Katavi, kuanzia mwaka 1889 hadi kifo chake mwaka 1956. Hoja yetu ni kwamba dhana ya familia ya kimisionari, kama inavyotumika katika maandishi ya historia, imemwacha nje mtu anayestahili zaidi kuingizwa ndani yake. Aidha, tunaonyesha kuwa suala hili ni la kihistoria na la kiisimu kwa wakati mmoja, maana linahusu majina tunayowapa watu na mipaka ya majina hayo.

1.0 Utangulizi

Msafiri wa karne ya 19 aliyetoka Tabora kwenda Karema hakuwa na budi kukatiza misitu ya miombo ya Ukonongo, nchi ambamo umo mji wa Inyonga, ambao leo ni makao makuu ya Wilaya ya Mlele. Stanley na Livingstone waliipita nchi hiyo katika miaka ya 1871 na 1872. Waliipita pia wafanyabiashara wa pembe na watumwa, wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kikonongo, na baadaye misafara ya wamisionari. Kwa hiyo anayetaka kuzungumzia wamisionari huko Inyonga na Mpanda atajikuta, apende asipende, anaifuata njia inayoelekea Karema, kwenye ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika.

Tukiwaomba wanafunzi wetu waeleze familia ya kimisionari, jibu halikawii: mume mzungu, mke mzungu, watoto waliozaliwa ugenini, na nyumba yenye baraza. Picha hii ina msingi wake katika historia ya misheni za Kiprotestanti. Nchi ya Karema, hata hivyo, iliinjilishwa na Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, ambao hawakuoa. Katika misheni ya namna hiyo, familia pekee iliyoweza kuwa ya kimisionari ilikuwa ile ya mtumishi mlei aliyetoka mbali. Huko Karema mtumishi huyo alikuwa Atiman.

2.0 Kutoka mto Niger hadi Malta

Atiman alizaliwa takriban mwaka 1866 huko Tindirma, kijiji kilicho karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Hilo ni eneo la wasemaji wa Kisonghai, si mbali na Timbuktu. Akiwa bado mtoto mdogo alinyakuliwa na wateka watumwa wa Kituaregi, akavushwa Jangwa la Sahara hadi Algeria. Njia hiyo ilikuwa kaburi la watoto wengi, na waliofika upande wa pili walifika wakiwa bidhaa.

Huko Algeria, katika miaka ya 1870, Mapadri Weupe walitoa fedha wakamkomboa. Neno kukomboa linahitaji kutazamwa kwa makini. Kwa upande wa mapadri, kitendo hicho kilikuwa cha huruma. Kwa upande wa soko, kilikuwa ununuzi kama ununuzi mwingine: muuzaji alipokea fedha yake akaenda zake. Kwa upande wa mtoto, mwenye kumchukua alibadilika, na hatima yake ikabadilika vilevile, lakini yeye mwenyewe hakuulizwa. Hatuandiki haya ili kupunguza wema uliotendeka. Tunayaandika kwa sababu maisha yote ya Atiman baadaye yanaweza kusomwa kama jitihada ya kuyafanya yawe yake maisha ambayo mwanzo wake uliamuliwa na wengine.

Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa Mapadri Weupe (1868), alikuwa na mpango mahususi kwa vijana waliokombolewa. Aliamini kuwa Ulaya haingeweza kuibadili Afrika kwa mikono yake peke yake, na kwamba Waafrika wangebadilishwa na Waafrika wenzao. Hivyo mwaka 1881 alifungua chuo huko Malta kwa ajili ya vijana wa Kiafrika ambao wangesomea utabibu, kisha wapelekwe bara kama matabibu-makatekista. Malta ilifaa kwa sababu kadhaa: palikuwa na chuo kikuu chenye mafunzo ya tiba, na lugha ya wenyeji ilikuwa jamaa wa Kiarabu ambacho vijana hao walikuwa wamekizoea Algeria. Atiman alikuwa miongoni mwa vijana hao, naye alisoma hadi mwaka 1888.

Mpango huo ulikuwa na pande mbili ambazo hazikupatana vizuri. Upande mmoja, ulimwamini kijana Mwafrika kwa elimu ya juu kuliko ile waliyoifikiria wakoloni wengi waliofuata. Upande wa pili, ulimwekea mpaka: matabibu hawa walitarajiwa kuoa, kuishi kwa desturi za Kiafrika, na kubaki walei. Walitakiwa kuwa karibu na watu kuliko mapadri, lakini chini ya mapadri. Atiman aliishi juu ya mpaka huo kwa takriban miaka 70.

3.0 Karema

Karema haikuanza kama misheni. Mwaka 1879 Kapteni Ernest Cambier, aliyetumwa na jumuiya iliyoongozwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, alijenga hapo kituo chenye boma. Mwaka 1885, Leopold alipoelekeza nguvu zake Kongo, kituo kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Hivyo mapadri walirithi ngome na wajibu wake pia: watu waliokimbia misafara ya watumwa na vita vya ziwani walikuja kutafuta hifadhi nyuma ya kuta hizo. Ng'ambo ya ziwa, Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa, alilinda vituo vya misheni kwa bunduki.

Atiman alitumwa mwaka 1888, mwaka ambao Lavigerie alikuwa akizunguka miji ya Ulaya kuhubiri dhidi ya biashara ya utumwa, na ambao pia pwani ya Tanganyika iliwaka moto wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Alifika Karema mwaka 1889, baada ya kutembea zaidi ya kilometa 1,000 kutoka pwani. Mtu aliyevushwa Sahara kwa nguvu akiwa mtoto sasa alivuka nusu ya bara kwa miguu akiwa tabibu.

Hakuondoka tena kwenda kuishi kwingine. Alipofika, utawala wa Kijerumani ulikuwa bado haujashika ukingo wa ziwa. Aliuona ukija, akaona Wabelgiji wakiingia mwaka 1916, kisha Waingereza wakichukua nchi. Mapadri na maaskofu walikuja na kupita; wengine walizikwa mapema kwa homa, wengine walihamishwa. Katika mkondo huo wote, aliyedumu ni tabibu.

4.0 Ndoa na ukoo

Mara baada ya kufika, Atiman alimwoa Agnes Wansabira, mwanamke wa ukoo wa kitemi wa Wabende, wenyeji wa nchi ya Karema. Tukio hili hutajwa kwa sentensi moja katika maandishi mengi, lakini uzito wake ni mkubwa zaidi.

Ikumbukwe kwamba jamii ya kituo cha Karema ilijaa watu wasio na ukoo. Watoto waliokombolewa hawakuwa na wajomba wa kuwatetea wala shangazi wa kuwasimamia katika ndoa; misheni ndiyo iliyokuwa baba, mlezi na hata mshenga. Mtu wa namna hiyo, katika fikra za wenyeji, alikuwa karibu sana na mtumwa, maana utumwa kwao haukuwa minyororo tu: ulikuwa pia hali ya kukosa watu. Kwa kipimo hicho Atiman mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, alifika Karema akiwa mtu asiye na watu. Ndoa yake na Agnes ilimpa wakwe, mashemeji na mahali pa kukaa katika mtandao wa utani na heshima. Kwa lugha ya ukoo, ndipo alipokombolewa mara ya pili, na safari hii hakuna fedha ya soko iliyotumika.

Agnes naye hapaswi kusahauliwa. Mume alikuja na sayansi na barua za askofu, lakini mke ndiye aliyekuwa na nchi. Bila yeye, tabibu angebaki mgeni wa bomani.

Mwana wao, Joseph, alisoma hadi akawa padri. Baba alikuwa amewekewa mpaka wa kuwa katekista, mwana aliuvuka. Katika vizazi viwili familia hii ilitoka kwenye soko la watumwa la Sahara hadi kwenye altare ya kanisa la Kiafrika lililoanza kuwa na viongozi wake lenyewe.

5.0 Kazi ya tabibu

Tabibu wa Karema alifanya kazi mbali na kila ghala la dawa. Shehena kutoka pwani ilichukua miezi, nayo ingeweza kuibwa, kulowa au kupotea njiani. Katika hali hiyo elimu ya chuo haikutosha. Ilimbidi ajue mimea na tiba za nchi, na asiwadharau waganga waliozijua. Nchi yenyewe ilikuwa na maradhi mazito: ndui, homa, vidonda, na mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika kandokando za Ziwa Tanganyika. Ugonjwa huo uliacha alama hata katika jiografia ya mkoa. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu waliotawanyika misituni, Ukonongo ikiwamo, katika makazi makubwa ili kuwaepusha na mbung'o. Sura ya makazi ya Inyonga na jirani zake haieleweki bila historia hiyo.

Pamoja na tiba, Atiman alifundisha dini. Kwake kazi hizo mbili hazikutenganishwa, na mpango wa Lavigerie ulitaka iwe hivyo. Mkosoaji anaweza kuuliza iwapo tiba ilitumika kama chambo. Swali hilo ni halali kwa mpango mzima. Hata hivyo, mtu akikaa mahali pamoja kwa miaka 67, watu humpima kwa yale anayoyatenda usiku wa manane mgonjwa anapoletwa mlangoni, na kwa kipimo hicho jina lake lilienea mbali na Karema.

6.0 Suala la lugha na jina

Mwanaisimu hawezi kuyapita maisha haya bila kuhesabu lugha zake. Alizaliwa katika eneo la Kisonghai. Alipitia Kiarabu na Kifaransa Algeria, akasoma tiba Malta, na alipofika Karema akaingia katika Kiswahili cha ziwani kilichoenezwa na misafara, huku nyumbani kwake kukiwa na Kibende. Lugha ya mama ndiyo iliyokuwa mbali naye kuliko zote. Huku bara, Kiswahili kilikuwa lugha ya watu walionyang'anywa lugha zao, nacho kiliwapa sauti ya pamoja. Historia ya kuenea kwa Kiswahili magharibi mwa Tanzania haina budi kuwahesabu watu kama Atiman pamoja na wafanyabiashara wa pwani.

Majina aliyoitwa yana somo jingine. Mganga alikuwa mtu wa jadi, tabibu neno lenye asili ya Kiarabu, na daktari neno la mkopo lililokuja na Wazungu. Atiman aliweza kuitwa kwa yote matatu, maana kazi yake ilizigusa pande zote tatu. Jina ambalo maandishi hayampi kwa urahisi ni mmisionari. Huyo alikuwa padri mzungu; Atiman aliitwa katekista, ingawa alitumwa na kanisa lilelile, alitoka mbali kuliko wengi wao, na alikaa muda mrefu kuwashinda. Hakuna kigezo cha maana katika neno hilo kinachomtoa nje. Kilichomtoa ni mazoea ya matumizi tu, na mazoea hayo yalifuata rangi na daraja.

7.0 Hitimisho

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha ya Atiman kama alivyoyasimulia mwenyewe. Kanisa na serikali zilimtunuku nishani, na baadaye Padri Roger Fouquer aliandika kitabu juu yake kwa Kifaransa. Alifariki mwaka 1956 akiwa na umri wa takriban miaka 90, miaka mitano kabla ya Uhuru. Jina lake limebaki katika hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga na katika nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam.

Hivyo hatuwezi kusema kuwa amesahauliwa. Tunachosema ni kuwa amekumbukwa katika sanduku lisilo lake: kama mtumwa aliyeokolewa, au kama msaidizi mwaminifu. Ukweli wa maisha yake unadai zaidi ya hapo. Yeye na Agnes walijenga nyumba ya kimisionari iliyodumu kuliko kipindi cha utawala wowote wa kigeni katika nchi ile, na walitoa mwana kwa kazi ileile. Mtafiti atakayefuata njia ya zamani kutoka Inyonga hadi ziwani, akikusanya simulizi za Wakonongo na za Wabende, ana kazi ya maana mbele yake: kumtafuta Agnes Wansabira katika kumbukumbu za watu wake, kwa sababu nusu ya habari hii ni yake, nayo bado haijaandikwa.