Bessie Head Hakuyaficha Maradhi Yake

Wako waandishi wanaoyazunguka maradhi yao kwa mbali, kama mtu anavyozunguka shimo la nyoka. Marehemu Bessie Head, aliyeishi Serowe nchini Botswana, hakuwa mmoja wao.

Alizaliwa tarehe 6 Julai, 1937, mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Mamake, Mzungu, alikuwa amelazwa humo. Babake alikuwa Mwafrika ambaye jina lake halijulikani. Mtoto alikabidhiwa familia ya Kizungu, ikamrudisha ilipoona si mweupe, akalelewa na familia ya machotara. Akakua akidhani aliyemlea ndiye aliyemzaa. Alipokuwa na miaka 14, akisoma shule ya misheni karibu na Durban, aliambiwa kwamba sivyo: mamake mzazi alikuwa mgonjwa wa akili, na alikwisha kufa tangu 1943. Msichana akabaki na swali zito: je, ugonjwa huo nami nimeurithi?

Alifundisha, akawa mwandishi wa magazeti, akaolewa, akapata mtoto wa kiume. Mwaka 1964 aliihama Afrika Kusini kwa kibali cha kutoka bila kurudi, akaenda kufundisha Serowe. Uraia hakuupata hadi 1979.

Mwaka 1971 lile swali la utotoni lilipata jibu. Alibandika kwenye posta ya Serowe tangazo lenye tuhuma za ajabu dhidi ya Rais Seretse Khama, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Lobatse.

Alipotoka alifanya jambo ambalo wengi wetu tungeliogopa: aliketi akayaandika. Riwaya yake, A Question of Power, ilitoka 1973. Elizabeth, mhusika mkuu, ana mama kama wa mwandishi, mtoto kama wake, na kijiji kama Serowe. Usiku hujiwa na Sello na Dan, wanaume wawili wanaomtesa akilini. Mimi nilipoisoma nilitafuta mpaka kati ya njozi na mambo ya kweli, nisiuone. Naamini ndivyo alivyotaka. Mgonjwa mwenyewe hana mpaka huo, na Bessie hakutaka msomaji asimame kando akimtazama Elizabeth kama watoto wamtazamavyo mwendawazimu sokoni.

Wako wasomi wanaosema kitabu hiki ni fumbo tu la ubaguzi wa rangi. Ubaguzi umo, tena tele, maana ulikuwa mojawapo ya kuni za moto ule. Lakini mwandishi mwenyewe alikiri kwamba Elizabeth ni yeye, nasi hatuna budi kumwamini.

Na baada ya usiku kuna mchana. Elizabeth huenda kulima katika shamba la ushirika pamoja na Kenosi, mwanamke wa maneno machache. Hupanda mboga, na vile vitunda vya manjano vinavyokaa ndani ya ganda jembamba kama karatasi, wakavipika jemu. Bessie naye aliifanya kazi hiyo Serowe kwa mikono yake. Kwangu mimi, kurasa hizo za jembe na sufuria ndizo zinazofanya zile za mateso zivumilike.

Alifariki Serowe tarehe 17 Aprili, 1986, kwa maradhi ya ini, akiwa na miaka 48. Barua na miswada yake imehifadhiwa papo hapo kijijini, katika makumbusho ya Khama III.