Maisha ya Sheikh Yahya bin Abdallah, Maarufu kwa Jina la Sheikh Ramiya wa Bagamoyo

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, na aali zake na sahaba zake, ewe ndugu msomaji, ujue ya kuwa habari hizi nazitunga nikiwa Maswa, nchi ya pamba katika mkoa wa Simiyu, mbali sana na bahari. Katika duka nikaalo hunijia mtu mzima mmoja baada ya sala ya isha. Juzuu yake huificha ndani ya koti, wajukuu wake wasiione, maana ndiyo kwanza anaanza alifu na be, naye ndevu zimekwisha geuka. Najua nanyi wa pwani mnao watu kama huyo mitaani mwenu. Kwa ajili yake nimeona yafaa kueleza mambo ya Sheikh Ramiya.

Zamani hizo Bagamoyo ulikuwa mlango wa bara. Misafara ya pembe ilitoka Ujiji na Tabora, na wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma, yaani watu wa nchi hii hii nikaayo, walishuka na mizigo mabegani hata ukingo wa bahari, wakapokea ujira wao, wakarudi kwao. Ramiya hakushuka hivyo. Asili yake ni Manyema, magharibi ya ziwa Tanganyika, nchi ambayo leo imo katika Kongo; naye alifika pwani akiwa milki ya mtu. Bwana wake alikuwa Amir bin Suleiman al-Lamki, Mwarabu mwenye cheo, ambaye katika zama za Wadachi alikuwa Liwali wa Bagamoyo. Msomaji alishike neno hili la Liwali, maana tutalirudia.

Kwa mtu wa hali ile mambo mawili yalikuwa mazito. La kwanza ni mali, na la pili, lililo zito zaidi, ni heshima. Mji ulikuwa na wenyewe: Mashomvi, waliokuwa wenye mji tangu kale, na Waarabu, waliokuwa na mashamba na serikali. Mtumwa aliweza kusilimu, akasali, akafunga. Lakini alipotaka kukaa mbele katika majilisi, au kuvaa kama waungwana, aliulizwa ukoo wake. Na mtu aliyetekwa utotoni katika Manyema atautaja ukoo gani mbele ya watu wa pwani?

Alianza na samaki. Biashara ya samaki haina fahari. Harufu yake humfuata mtu hata msikitini, na asiyeuza leo kesho hutupa. Lakini ada ya pwani ilikuwa yaweza kumwacha mtumwa afanye kazi yake mwenyewe na kumpa bwana wake fungu, na kwa njia ya namna hiyo wengi walijikusanyia kidogo kidogo. Ramiya alipopata akiba akageukia minazi. Hapa ndipo mimi huiona akili yake. Mnazi haumlishi aliyeupanda kabla ya miaka sita au saba, na mara nyingi zaidi. Apandaye minazi baada ya ujana wake kupita ni mtu aliyekubali kungoja. Akangoja, akawa na shamba, kisha akawa miongoni mwa watu wenye mali katika mji.

Wengi wangeishia hapo, wakajenga nyumba ya mawe, wakakaa barazani. Yeye akatafuta elimu. Hakuwa kijana tena alipokaa mbele ya Sheikh Abu Bakar bin Taha al-Jabri, mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa Bagamoyo, akasoma kwake. Kisha akafungua chuo chake, na mtu aliyeuzwa akawa mwalimu wa watoto wa watu.

Mwanzo wa karne ya 20 akaingia katika tarika ya Kadiria, akapewa ijaza, akawa khalifa. Tarika hii ilikuwa imeenea Unguja na mrima kwa juhudi za Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa katika nchi ya Wasomali mwaka 1909, na wanafunzi wake. Katika halka ya zikri watu husimama bega kwa bega, na haulizwi mtu baba yake aliuzwa au aliuza. Basi Wamanyema wa Bagamoyo, na wengine waliokuwa watumwa au wana wa watumwa, wakamwendea kwa wingi. Baadhi ya wakubwa hawakupendezwa. Mimi siwalaumu sana, kwani ni vigumu kwa mtu kumpa mkono wa heshima yule aliyemzoea akibeba tenga. Lakini mwaka hata mwaka maulidi yake yakakua, na wageni wakaja toka mbali.

Kisha ikaja vita kubwa. Mwezi wa Agosti mwaka 1916 Waingereza wakautwaa mji, Wadachi wakaondoka. Serikali mpya ikatafuta mtu ambaye watu wa Bagamoyo watamsikiliza, ikamfanya Sheikh Ramiya kuwa Liwali. Kiti alichokalia bwana wake akakikalia yeye, na mashauri ya wenye mji yakaletwa mbele yake.

Ajabu nyingine ni hii. Wadachi hawakuukomesha utumwa kabisa. Sheria yao ya mwaka 1904 iliwahurumia tu watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905. Sheria iliyoufuta utumwa wote katika Tanganyika ilitolewa mwaka 1922. Maana yake ni kwamba mtumwa wa zamani alipewa uliwali wa Bagamoyo miaka sita kabla ya utumwa wenyewe kufutwa katika nchi.

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931. Mahali pake katika tarika pakashikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad, naye akayaendeleza maulidi ya Bagamoyo miaka mingi, na wageni wa bara wakaishuka njia ile ile waliyoshuka wapagazi, wakaingia mji ule wakiwa wageni wa nyumba ya Mmanyema. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.